Zinki hutoka, kadimi hubaki: kisa cha nyungunyungu wa Avonmouth

Mchukue nyungunyungu aliyeishi katika udongo uliochafuliwa na kiwanda cha kuyeyusha madini, mhamishie kwenye udongo safi, mwache humo wiki kadhaa, kisha mpime. Zinki iliyokuwa imezidi mwilini mwake imeshatoka. Shaba nayo imepungua sana. Kadimi, metali yenye sumu, utaikuta karibu yote palepale ulipoiacha.

Jaribio hilo ni jepesi kulisimulia, lakini ndani yake mna jambo ambalo wengi wanaozungumzia minyoo na uchafuzi wa udongo hulikosea. Tumezoea kudhani kwamba metali iliyojazana mwilini mwa kiumbe ndiyo inayomdhuru, na ile ambayo haikujazana haina neno. Kisa ninachokichambua hapa kinaonyesha jinsi dhana hiyo inavyompotosha mpimaji mara mbili: kwanza kuhusu nyungunyungu mwenyewe, na pili kuhusu mnyama anayemla.

Udongo ulivyochafuka

Avonmouth ni eneo la bandari kaskazini-magharibi mwa jiji la Bristol, Uingereza. Kwa miongo mingi palikuwa na kiwanda kikubwa cha kuyeyusha zinki na risasi, na kadimi ikapatikana humohumo kwa sababu huandamana na zinki katika mawe ya madini. Kiwanda kilifungwa mwaka 2003. Wakati wote kilipokuwa kikifanya kazi, moshi na vumbi lake vilikuwa vikitua kwenye malisho, mashamba na misitu ya jirani. Moshi hutawanyika ukapotea. Metali haiozi wala haichakai. Ikishatua hushikwa na mboji na udongo wa mfinyanzi katika sentimita chache za juu, na hapo ndipo nyungunyungu wengi wanapoishi na kula.

Jambo lililowavutia watafiti ni kwamba uchafu ulipungua kwa hatua. Ukianzia karibu na kiwanda ukaelekea mbali, kila kituo unachosimama kina metali kidogo kuliko kilichotangulia, na aina ya uchafu ni ileile. Ni kama kupewa ngazi yenye vipandio vya kila kipimo cha sumu, kazi yako ikiwa ni kukaa kila kipandio na kutazama nani bado yu hai. Katika miaka ya 1990, David Spurgeon na Steve Hopkin wa Chuo Kikuu cha Reading waliipanda ngazi hiyo. Walichimba na kuhesabu minyoo, wakachukua udongo wa vituo mbalimbali hadi maabara, wakawaweka humo nyungunyungu wa aina ya *Eisenia fetida*, kisha wakapima metali zinavyoingia miilini na zinavyotoka.

Karibu kabisa na kiwanda, ambako zinki ilikuwa maelfu ya miligramu kwa kila kilo ya udongo, nyungunyungu hawakupatikana. Kadiri walivyosogea mbali ndivyo spishi zilivyorudi, moja baada ya nyingine, zile shupavu kwanza. Kulikuwa na dalili nyingine ambayo hata asiye na darubini angeiona: katika msitu mmoja wa jirani, kilomita chache kutoka kiwandani, majani makavu yalikuwa yamerundikana chini ya miti. Majani ya miaka iliyopita yalilala juu ya majani ya miaka iliyotangulia, hayajavunjika wala kuchanganyika na udongo. Kazi ya kuvunja majani si ya nyungunyungu peke yao. Kuvu, bakteria, jongoo na wadudu wengine nao wana sehemu yao. Lakini ukiona tabaka la majani lililokataa kuwa mboji, ujue kuna wafanyakazi waliotoweka chini yake.

Ngozi ndiyo mlango

Nyungunyungu humeza udongo mchana na usiku, kwa hiyo mtu wa kawaida angesema sumu huingia kwa mdomo. Kuna uwezekano wa pili. Ngozi ya nyungunyungu haina gamba. Ni laini, ina ute, na ndiyo anayopumulia, kwa hiyo mwili wake mzima umelowa maji yaliyomo katikati ya chembe za udongo. Metali iliyoyeyuka katika maji hayo inamgusa kila upande.

Mwaka 2003 Martina Vijver na wenzake huko Uholanzi walipata njia ya kulitenganisha jambo hili, nami naihesabu miongoni mwa majaribio mazuri kabisa katika taaluma hii. Waliwaziba midomo nyungunyungu wa spishi ya *Lumbricus rubellus* kwa gundi ya hospitalini, ile ya kufungia majeraha, wakawaweka katika udongo uliochafuliwa pamoja na wenzao ambao midomo yao ilikuwa wazi. Waliozibwa hawakuweza kumeza chochote. Hata hivyo metali ziliingia miilini mwao karibu sawasawa na kwa wale waliokula. Ngozi, basi, ndiyo mlango mkuu.

Tokeo hilo linaeleza mengi. Linaeleza kwa nini jumla ya metali iliyomo udongoni haitoshi kukwambia hatari ilivyo. Kinachohesabika zaidi ni kile kilichoyeyuka. Udongo ukiwa na asidi nyingi, zinki na kadimi huachia chembe zilizokuwa zimezishika na kuingia majini. Mboji ikiwa nyingi, hushikwa zisipite. Kalsiamu nayo ina kauli hapa. Ioni ya kadimi inakaribiana sana kwa ukubwa na ioni ya kalsiamu, hivyo hupita katika njia zilezile ambazo seli imeziweka kwa ajili ya kalsiamu. Udongo wenye kalsiamu tele huzisonga njia hizo, kadimi ikapata nafasi finyu. Mashamba mawili yanaweza kuwa na kadimi sawa kabisa kwenye karatasi ya maabara, na nyungunyungu wa shamba moja wakabeba mara kadhaa ya wenzao.

Mtungi unaovuja

Sasa tuje kwenye kiini cha kisa. Fikiria mtungi wenye tundu chini, unaotiliwa maji kwa kasi isiyobadilika. Maji yatapanda hadi pale ambapo yanayotoka yanalingana na yanayoingia, kisha yatatulia. Tundu likiwa kubwa, hutulia mapema na chini. Tundu likiwa dogo, huendelea kupanda kwa muda mrefu sana.

Kwa nyungunyungu, zinki na shaba zina tundu kubwa. Katika majaribio ya udongo wa Avonmouth, metali hizo mbili zilipanda haraka siku za mwanzo, zikatulia, na wanyama walipohamishiwa udongo safi zikashuka haraka vilevile. Hilo halishangazi, kwani mwili unazihitaji. Zinki imo katika vimeng'enya vingi, na mnyama aliyeihitaji tangu enzi ameunda pia njia za kuitoa inapozidi. Kadimi haina kazi yoyote inayojulikana mwilini mwa nyungunyungu. Ilipanda polepole, ikaendelea kupanda siku baada ya siku bila kutulia, na katika udongo safi ikagoma kushuka. Risasi nayo ilipanda taratibu, ingawa yenyewe haishikiliwi kwa namna ileile.

Kwa nini kadimi isitoke? Kwa sababu mwili umeifunga. Nyungunyungu akiguswa na kadimi hutengeneza kwa wingi protini ndogo iitwayo metalothionini. Protini hii imejaa sisteini, asidi ya amino yenye salfa, na salfa huishika kadimi kwa nguvu. Kadimi iliyoshikwa hivyo haizururi tena ndani ya seli ikiharibu vimeng'enya. Huwekwa hasa katika tishu ya rangi ya manjano inayoelekea kahawia inayozunguka utumbo, tishu ya kloragojeni, ambayo kwa nyungunyungu hufanya kazi zinazofanana na za ini letu. Ukimpasua nyungunyungu utaiona kwa macho, imeufunika utumbo kama unga wa manjano. Humo ndani mna pia punje ndogondogo za fosfeti na kalsiamu, na hizo ndizo zinazohifadhi risasi na sehemu ya zinki. Kwa hiyo metali hizi zina ghala mbili, moja ya salfa na nyingine ya fosfeti, na kila moja huenda kunakoifaa kikemia.

Ghala hili lina faida kwa nyungunyungu leo na gharama kesho. Leo linamwokoa. Kesho linahakikisha kwamba atakuwa na mzigo uleule, na zaidi, kwa maana kila siku ya maisha yake huongeza kidogo. Kutoka hapo linafuata jambo ambalo wapimaji husahau: umri. Mwongozo namba 317 wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi zilizoendelea, uliotolewa mwaka 2010 kwa ajili ya kupima mlundiko katika minyoo ya udongoni, hutumia siku 21 za kuingiza na 21 za kutoa. Kwa zinki, siku hizo zinatosha. Kwa kadimi, siku 21 zinakuonyesha mwanzo wa mlima, na nyungunyungu wa shambani anaweza kuupanda mlima huo kwa miaka.

Njia za kutokea

Hakuna njia moja ya kutoa. Kuna mkojo unaopita katika nefridia, vijifigo vilivyopangwa jozi kwa jozi karibu kila pingili. Kuna ute wa ngozi. Kuna seli za utumbo zinazokufa na kutoka na kinyesi. Kuna tezi za kalsiamu kwenye umio, ambazo kwa spishi kama *Lumbricus terrestris* hutengeneza punje ngumu za kalsiamu kabonati zinazotolewa pamoja na kinyesi; wanasayansi waliozichambua punje hizo wamekuta risasi imefungiwa ndani yake.

Njia inayonigusa zaidi ni ya seli za kinga. Zinapokuta uchafu ndani ya mwili, zinauzingira, zinashikamana, zinakuwa vifundo vya kahawia, na vifundo hivyo husukumwa nyuma hadi vikajazana kwenye pingili za mkia. Mara nyingine nyungunyungu huuachia mkia huo ukakatika, na uchafu ukaenda nao. Ni kiumbe anayelipa sehemu ya mwili wake ili abaki.

Hapa nieleze kosa la kupima, maana limeharibu takwimu nyingi. Tumbo la nyungunyungu limejaa udongo. Ukimkausha na kumyeyusha kwa asidi alivyotoka shimoni, unapima udongo pamoja na mnyama. Tuseme udongo una risasi miligramu 5,000 kwa kilo, na tuseme asilimia 5 tu ya uzito wake mkavu ni udongo uliobaki tumboni. Udongo huo peke yake unaongeza miligramu 250 za risasi kwa kila kilo ya mnyama, ambazo hazijawahi kuingia mwilini mwake hata kidogo. Ndiyo maana huoshwa, huwekwa juu ya karatasi ya chujio iliyoloweshwa, gizani, kwa siku moja au mbili, hadi amalize kutoa. Karatasi hujaa vijichirizi vyeusi, na ni lazima ibadilishwe, kwa sababu nyungunyungu mwenye njaa hurudi kukila kinyesi chake mwenyewe. Ukipuuza kubadilisha, umerudisha udongo ulioutoa. Usafi huu haubadilishi sana tarakimu za kadimi, kwa kuwa mara nyingi kiwango chake mwilini kinazidi cha udongo. Kwa risasi, ambayo huwa chini ya kiwango cha udongo, unaweza kugeuza hitimisho zima.

Aliyewaondoa nyungunyungu ni nani?

Mtu akipewa jedwali la miili ya nyungunyungu wa Avonmouth ataiona kadimi imerundikana na zinki imebadilika kidogo tu kati ya kituo na kituo. Atasema kadimi ndiyo iliyowaondoa. Spurgeon na Hopkin walifikia hitimisho jingine, kwamba iliyowekea nyungunyungu mpaka hapo ni zinki.

Hesabu yake inafuatika. Mwaka 1994 walichapisha, pamoja na mwenzao, majaribio yaliyofanywa katika udongo wa kutengeneza wa maabara, ule wa mboji ya sfagno (mmea mdogo wa kinamasi), mfinyanzi na mchanga. Zinki ya takriban miligramu 276 kwa kilo ilitosha kupunguza kwa nusu vifuko vya mayai vinavyotagwa na *Eisenia fetida*, ilhali kuua nusu ya wanyama wenyewe kulihitaji karibu miligramu 745. Kadimi ilikuwa kali zaidi kwa kila miligramu: takriban 46 zilitosha kupunguza vifuko kwa nusu. Kwa hiyo kadimi ina ukali wa mara sita hivi. Lakini katika udongo wa Avonmouth zinki iliizidi kadimi kwa makumi ya mara. Ukitoka mbali ukikaribia kiwanda, zinki inavuka mpaka wake kabla kadimi haijaufikia wake.

Tazama pia kinachoanza kuvunjika. Ni uzazi. Kwa muda mrefu kabla nyungunyungu hawajaanza kufa, vifuko vya mayai vinapungua. Shamba linaweza kuwa na wazima wanaojongea vizuri tu huku kizazi kikikatika chini yao. Na kipimo cha mwili hakikuonyeshi hilo, kwa sababu zinki inaingia na kutoka: mnyama anagharamia kuitoa, na mahali fulani uwezo wake wa kutoa unazidiwa na kasi ya kuingia. Jumla iliyomo mwilini ni kama salio la mwisho wa siku kwa mtu ambaye fedha nyingi zimepita mkononi mwake, halisemi kilichopita.

Ipo tahadhari moja, nayo ilitoka kwa watafiti haohao. Zinki iliyochanganywa upya katika udongo wa maabara ilimfikia nyungunyungu angalau mara kumi zaidi ya zinki iliyokaa miaka katika udongo wa Avonmouth. Metali ikikaa huingia ndani ya chembe, hushikwa, huzeeka. Basi tarakimu za maabara hazibebwi zikatupwa shambani vivi hivi. Na *Eisenia fetida* mwenyewe ni mnyoo wa marundo ya mboji na samadi, anayefugika kwa urahisi. Wanaoishi katika udongo wa malisho ni wengine, na baadhi yao walitoweka mapema zaidi.

Anayemla

Sasa ondoka karibu na kiwanda, nenda kilomita kadhaa, mahali ambapo nyungunyungu wamerudi. Wanazaa, wananenepa, udongo unafinyangwa. Mkaguzi angepaona pamepona. Mimi hapa ndipo ninapopata wasiwasi mkubwa, kwa sababu udongo mbaya kabisa hauna nyungunyungu wa kuliwa, na udongo wa wastani unao, tena wenye ghala la kadimi mwilini.

Kirukanjia, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu anayefanana na panya lakini si panya, hula kwa siku chakula kinachokaribia uzito wake mwenyewe, na nyungunyungu ni sehemu kubwa ya chakula hicho. Fuko wa Ulaya na ndege wengi wana desturi hiyohiyo. Kadimi iliyotulia ndani ya nyungunyungu bila kumsumbua hufunguliwa tumboni mwa mlaji na kuhamia katika ini na figo zake, ambako pia hufungwa na metalothionini, ambako pia haitoki kwa urahisi. Zinki iliyomletea nyungunyungu matatizo haifiki mbali hivyo. Kirukanjia naye anajua kuitoa. Kwa hiyo metali inayokata uzazi wa nyungunyungu ni moja, na inayopanda kwenda kwa wanaomla ni nyingine. Anayepima moja akaiachilia nyingine amefanya nusu ya kazi.

Je, wanaweza kuusafisha udongo?

Swali hili huulizwa kila mara kisa hiki kinaposimuliwa, na matumaini yaliyomo ndani yake nayaheshimu. Kama nyungunyungu hukusanya kadimi, si tuwatie udongoni, wakusanye, tuwatoe? Tupige hesabu kwa tarakimu za mfano zilizo karimu. Hekta moja, kina cha sentimita 20, ina udongo wa takriban tani 2,600. Ikiwa na kadimi miligramu 10 kwa kilo, jumla ni kilo 26. Tuweke humo tani nzima ya nyungunyungu hai. Wakikaushwa wanabaki kama kilo 160. Kila kilo ibebe miligramu 100 za kadimi. Jumla waliyobeba wote ni gramu 16. Umemtoa kila nyungunyungu wa hekta, hata mmoja hakubaki, nawe umeondoa chini ya sehemu moja katika elfu. Na udongo uliobaki hauna tena wa kuufinyanga.

Kinachosaidia kweli ni kuifunga metali isiyeyuke. Chokaa hupunguza asidi na kuongeza kalsiamu, mambo mawili yanayoibana kadimi mlangoni, mboji huishika. Metali hubaki udongoni, na chokaa inapoisha nguvu asidi hurudi na mlango hufunguka upya. Kwa hiyo anayetia chokaa leo anapaswa kurudi baada ya muda na kupima tena: asidi ya udongo kwanza, kisha vifuko vya mayai, kisha kadimi katika nyungunyungu wazee waliotolewa udongo wote tumboni.